Shibiri ya Nani

Kariakoo, Dar es Salaam
Ijumaa, mwezi 12 Mfungo Mosi, 1353

Kwa dada yangu wa tumbo moja, Bi Mauza binti Ubeid, aliyeko Bagamoyo.

Shikamoo dada. Nakuamkia kwa heshima, na baada ya maamkizi nakupa mkono wa Idi, ijapokuwa Idi yenyewe imekwisha pita na nguo zake zimekwisha fuliwa. Mimi sijambo, sina la kulalamikia ila mgongo, na huo si ugonjwa, ni kazi. Saadiya mke wangu hajambo, anakusalimu sana, na ule ukili uliomletea amekwisha ushona mkeka, ila hataki mtu aukalie. Shaka yetu iko kwenu. Miguu yako inaendeleaje? Na shemeji yangu, mumeo Fundi Sheikhan, macho yake je? Mtu wa mwisho aliyetoka huko aliniambia kwamba hashiki tena patasi, lakini ukimpa kipande cha mbao anakipapasa kwa vidole na kukwambia huu mvule, huu mninga, na huu aliyeukata hakusubiri ukauke. Nikacheka sana. Mpe shikamoo yangu, na usichoke kumpa.

Dada, nina ombi kabla sijaanza. Najua desturi yenu. Barua yangu ikifika unakaa naye barazani, unamsomea neno kwa neno, naye anakukatiza kila mstari kuuliza hili na lile. Hii usimsomee kwanza. Isome peke yako mpaka mwisho, halafu utapima mwenyewe. Na huyo kijana aliyekuletea mkaribishe, mpe maji aoge na chakula ale, lakini usimhoji, maana hajui kilichoandikwa humu.

Sasa habari. Nilipata kukuandikia juu ya Ramadhan, mtoto wa Bi Kuruthumu muuza vitumbua wa hapa nyuma ya soko. Alikuja karakanani kwangu akiwa na miaka kumi na miwili, kichwa kikubwa, shingo nyembamba, na mkono ambao sijapata kuuona kwa mwanagenzi yeyote. Mwezi wa tatu tu alikuwa akipiga randa, mbao inatoka laini hata unaona haya kuipigilia misumari. Nami Mwenyezi Mungu hakunijaalia mtoto. Sitakuficha, nilimpenda, nikaanza kujiambia kwamba vyombo vyangu vimepata wa kuvirithi. Nikawa namfundisha hata yale ambayo fundi huyaweka kiporo mpaka mwaka wa mwisho.

Mwaka wa tatu akaniacha. Hakuiba, wala hakutoroka. Alikuja asubuhi moja amevaa kaptula nyeupe iliyopigwa pasi, akasema amepata nafasi katika skuli ya serikali, na kwamba amekuja kuomba ruhusa. Nikamwambia ruhusa huombwa kabla ya kuvaa kaptula. Akainama, machozi yakamtoka, akaenda zake.

Wewe ni mke wa fundi, hili unalijua kuliko mimi, lakini acha niliseme kwa kuwa fundo lote liko hapo. Mwanagenzi hukaa kwa fundi wake mpaka fundi mwenyewe aseme basi. Siku hiyo wazee wake huja na kilemba, kitambaa kipya kwenye sinia, wakampa fundi haki yake. Fundi humshika mkono mwanafunzi mbele za watu, akamtamkia radhi, akampa na chombo kimoja cha kazi akaanzie maisha. Asiyetamkiwa radhi anaweza kuwa hodari, lakini watu husema kazi yake haitulii. Ramadhan aliondoka bila kilemba, bila wazee, bila neno langu. Nami nikasimama mlangoni pa karakana nikaapa, majirani wanasikia, kwamba radhi yangu hataionja hata akija na kilemba cha Sultani. Kinywa changu unakijua, tangu utoto hakina kufuli.

Miaka ikaenda. Akasoma hapa, akapelekwa Tabora, akasoma tena. Akirudi likizo tulikutana njiani, akinipa shikamoo naitikia marahaba huku natazama ukuta. Mwezi uliopita ikaingia habari mtaani, vitumbua vikafuturiwa bure mtaa mzima. Ramadhan amechaguliwa kwenda Makerere, kule Uganda, kwenye chuo kinachopokea vijana waliokwisha maliza skuli zote za huku kwetu. Anakwenda kusomea hesabu na ualimu. Atapanda gari moshi Alhamisi ijayo mpaka Mwanza, na kutoka hapo meli ya ziwani.

Furaha ile ikagonga mwamba kwa mama yake. Bi Kuruthumu alisema mwanawe hapandi gari moshi mpaka apate radhi ya fundi wake wa kwanza. Karani wa skuli akatumwa kumweleza kwamba nafasi kama hiyo haingoji mtu, na kijana asipoonekana steshini Alhamisi basi atapelekwa mwingine. Mama yule akamjibu, huku anageuza vitumbua, kwamba yeye ana mtoto mmoja tu, hiyo Uganda haijui, na hawezi kumtuma asikokujua hali nyuma yake kuna mtu mzima amenuna. Karani akaondoka na vitumbua viwili na jibu hilohilo.

Kwa hiyo mambo yote yakaja kuning'inia kwenye kinywa changu. Idi pili walikuja: Bi Kuruthumu, Mzee Suud anayetusalisha msikitini, na Ramadhan nyuma yao amebeba sinia. Kilemba kilikuwa kizuri, dada, cheupe chenye taraza ya hariri. Mzee Suud akasema maneno ya busara kuhusu kusameheana siku za Idi. Nikawaambia nimewasikia, na kwamba kilemba wakirudishe dukani kabla hakijashika vumbi. Saadiya alikuwa nyuma ya pazia, na chakula cha mchana siku ile sikukiona.

Ramadhan hakuondoka na wenzake. Alibaki amesimama mbele ya meza yangu ya kazi, amekuwa mrefu, ananitazama mimi na si miguu yake. Akaniambia kwamba hakwenda skuli kwa kuidharau kazi yangu. Alisema aliona watu wenye nyumba kubwa wakija na ramani, na mafundi wetu wakipewa kubeba mbao tu kwa sababu hawawezi kuzisoma. Akasema serikali inazungumza habari za skuli za ufundi, na kwamba siku zijazo kazi ya mkono na kazi ya kitabu zitakaa kwenye benchi moja, tupende tusipende. Kisha akasema neno ambalo limenikaa mpaka leo. Alisema, "Nikirudi nataka kufungua darasa, Fundi. Mkono utafundisha wewe, hesabu nitafundisha mimi."

Nikamwambia aende zake, nina kazi. Sikuwa na kazi. Ukweli ni kwamba mwaka wote uliopita kazi zimekuwa chache, na sababu yake Ramadhan aliisema bila kujua kwamba ananigusa. Kulikuwa na mkandarasi mmoja aliyeniita nikatengeneze madirisha ya ghala kule bandarini. Akanipa ramani, nikaishika kwa mikono miwili, nikakunja uso kama mtu asomaye, nikatikisa kichwa taratibu. Karani wake, kijana mdogo, akaja akaichukua mikononi mwangu, akaigeuza juu chini, akanirudishia. Wangenicheka ningekasirika nikapata nafuu. Hawakunicheka, walimwita mwingine.

Basi utasema ndiyo sababu nikamnyima kijana wa watu radhi, kwa wivu na kiburi. Mtaa mzima unasema hivyo. Saadiya anasema hivyo kwa kutonitilia sukari kwenye chai. Nimewaacha waseme, kwa kuwa kiburi ni aibu ndogo kuliko ile niliyokuwa nayo.

Siku tatu baadaye Bi Kuruthumu akarudi, safari hii kama mteja. Alitaka sanduku la mbao, la ndugu yake, eti, anayekwenda Lindi. Lazima liingie chini ya benchi la gari moshi, kwa hiyo kwenda juu lisizidi shibiri mbili. Nikamuuliza tangu lini gari moshi linakwenda Lindi. Akasema shughulika na mbao, Fundi, ya Lindi niachie mimi. Baadaye nikasikia kwamba alikwenda steshini mwenyewe, akaingia kwenye behewa lililosimama, akapiga magoti kupima chini ya benchi kwa mkono wake, mpaka askari wa reli akaja kumuuliza amepoteza nini. Alisema amepoteza subira.

Nilijua sanduku ni la nani. Ndugu wa Lindi gani anataka kigawanyo cha vitabu? Lakini nilijifanya sijui, na nikalitengeneza kwa mninga ulionilalia miaka minne, viungo vya kushikana vyenyewe bila msumari hata mmoja, kama shemeji alivyonifundisha. Nilipolimaliza nilijikuta nalipapasa. Kama nisingeweza kumpa kinywa changu, basi apate mikono yangu, nilijiambia.

Hamali akalichukua asubuhi. Mchana nikaona umati unakuja, mbele hamali na sanduku kichwani, nyuma yake Bi Kuruthumu, nyuma yake watoto na wasio na kazi. Alikwenda kulijaribu, dada. Sanduku lilikataa kuingia chini ya benchi, limezidi vidole vinne. Akalishusha mbele yangu, akashika kiuno, akaniuliza kwa sauti ambayo ilifika sokoni, "Shibiri ya nani hii, Fundi?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikaa juu ya lile sanduku. Yeye alidhani nimeudhika, akaanza kusema kwa upole kwamba alipima kwa mkono wake, na mkono wa mwanamke si mkono wa fundi, kosa ni la wote. Ramadhan naye akaja mbio, ameitwa na watoto. Akatoa mfukoni futi ya kukunja, akaulaza mkono wa mama yake juu yake, inchi saba na nusu, akaulaza na wangu, tisa. Akasema taratibu, hakuna aliyekosea. "Ila inchi haina mwenyewe, Fundi. Yangu na yako ni moja."

Nikawaambia watu waende, sanduku litapunguzwa. Nikafunga mlango wa karakana mchana kweupe, jambo ambalo sijapata kulifanya tangu nije mji huu.

Dada, hapa ndipo nilipokuwa nakuleta. Vuta kiti ukae.

Unaukumbuka mlango wa yule tajiri wa karibu na forodha, mwaka mmoja kabla ya vita? Mumeo aliuchonga miezi saba. Ulikuwa umebaki mfaa, ule mti wa katikati unaofunika ufa wa mbao mbili za mlango. Mti wenyewe ulikuwa msaji kutoka Bara Hindi, mmoja tu, hapakuwa na wa pili pwani nzima. Wanagenzi wakubwa tulikuwa wawili, mimi na Mbaruku mtoto wa Bi Tatu. Mbaruku alikuwa mbele yangu, na ndiye aliyekabidhiwa mti. Karakanani kwa mumeo shibiri ilikuwa moja, yake. Mwanagenzi hakupima kwa mkono wake, alipima kwa kijiti kilichokatwa sawa na mkono wa fundi, na kijiti hicho Mbaruku alikichomeka kiunoni.

Adhuhuri ile Fundi alikuwa kwa yule tajiri, Mbaruku akaenda kuswali na kijiti chake. Nikabaki peke yangu na ule mti. Nilikwisha sikia, shibiri kumi. Nilitaka Fundi akirudi akute umekatwa, aniambie neno zuri, kwani siku zote sifa zilikuwa za Mbaruku. Nikapima kwa mkono wangu, shibiri kumi, nikakata. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na mkono wangu ulikuwa mdogo kuliko wa mumeo kwa upana wa kidole. Piga hesabu mwenyewe, kidole kimoja mara kumi.

Kesho yake walipousimamisha mlangoni, mti ulipungua karibu shibiri nzima. Fundi hakupiga kelele. Alitutazama sote, akauliza, "Shibiri ya nani hii?"

Mbaruku akasema si yake. Kisha akanigeukia, mara moja tu, akangoja. Alikuwa ananipa nafasi niseme mwenyewe. Mimi nikatazama maranda ya mbao sakafuni. Nikanyamaza, dada. Shibiri ilikuwa yangu, na nilinyamaza. Fundi angetupima mikono palepale angejua, lakini alikuwa na hasira, na aliyekabidhiwa mti alikuwa Mbaruku, na mimi nilikuwa shemeji yake. Akamfukuza siku ileile, mwaka wa nne, bila radhi. Bi Tatu alikuja kulia mlangoni kwenu, nawe ndiye uliyemshika mkono ukamrudisha nyumbani kwake. Nilikuwa ndani nakusikia unambembeleza.

Mwaka uliofuata ikawa zamu yangu. Kilemba cha Fundi ulikikunja wewe kwenye sinia, ukapiga vigelegele kuliko wanawake wote, kaka na baba hatuna, kila kitu ulikuwa wewe. Nimekiita kilemba cha ukoka tangu siku ile, kimoyomoyo. Na nikueleze jambo ambalo sijamweleza mtu. Mumeo alipoushika mkono wangu kunitamkia radhi, aliukunjua vidole, akautazama kwa muda, kisha akavikunja tena, ndipo akasema maneno yake na kunipa patasi ya mpini wa mpingo. Mpaka leo sijui aliona nini.

La pili ni zito zaidi. Waingereza walipoingia Dar es Salaam, mimi niliandikwa kwenye karakana yao kwa kuwa ni seremala. Nilitengeneza masanduku na machela. Mafundi hawakubebeshwa mizigo. Waliokuwa hawana kazi ya mkono ndio waliokusanywa hapa, mahali hapahapa ninapokaa leo, wakatiwa kibati cha namba shingoni, wakapelekwa na mizigo kusini. Siku moja nikapita na mbao begani, nikasikia naitwa Fundi. Alikuwa Mbaruku, kwenye foleni, na kibati chake. Alinisalimu bila kinyongo chochote, akanitania kwamba nimenenepa. Kisha akaniomba nimwambie bwana mkubwa kwamba yeye naye ni seremala, kwani yeye akisema hawaamini, hana wa kumshuhudia. Nikamwambia nitasema. Niliogopa kwamba nikianza kusema nitaulizwa kwa nini hakumaliza, kwa hiyo nikajiambia nitasema kesho, nikiwa nimejipanga. Kesho yake asubuhi uwanja ulikuwa mtupu. Hakurudi. Bi Tatu mpaka leo huuliza wasafiri.

Sasa unajua kwa nini sikuweza kumtamkia Ramadhan radhi. Haikuwa kaptula, wala ramani. Radhi ni kama moto, jirani akija na kijinga unampa ukiwa nao jikoni. Mimi jiko langu nimelifunika miaka ishirini na mbili ili watu wasione kwamba ni majivu. Kama ningemshika mkono kijana yule na kumtamkia maneno, halafu likampata la kumpata huko aendako, ningemwambia nini mama yake?

Jana nilifungua karakana, nikamwita Ramadhan. Tulilipunguza sanduku pamoja. Yeye alishika ncha moja ya futi, mimi nyingine, akinisomea inchi nami nikikata. Nilimuuliza zile alama ndogo zina maana gani, akanionyesha, wala hakutabasamu. Laiti mwaka ule ningekuwa na kipande cha mti kama kile, kisichojali mkono ni wa nani. Nimempinga kijana huyu kwa kitu ambacho kingeniokoa, na kingemwokoa Mbaruku. Kama darasa lake litakuja kuwako, nami niwe hai, nitakwenda kufundisha mkono. Nimemwambia hivyo.

Kisha nikamwambia kwamba mimi sina nongwa naye, nimemsamehe na nimemwomba anisamehe. Lakini radhi ya kusafiria nikamwambia akaichukue kwa mwenyewe, kwa fundi aliyenifundisha mimi, kwani yangu ina kasoro ambayo si yeye aliyeitia. Hakuniuliza kasoro gani. Bi Kuruthumu nilidhani atawaka moto, lakini alinitazama sana, akasema kisima ni bora kuliko mtungi, mtoto aende. Akanifungia vitumbua, ambavyo hajanifungia tangu Idi.

Ndiye huyo, dada. Kijana aliyekuletea barua hii, ambaye sasa hivi pengine anakula barazani kwako, ndiye Ramadhan. Ameondoka kwa lori la Jumamosi, na Jumatatu lazima arudi, ili Alhamisi asipitwe na gari moshi. Mkononi ana kilemba kilekile cheupe, ni cha mumeo. Na ana patasi yangu ya mpini wa mpingo, nimeifunga kwa kitambaa. Nairudisha. Mumeo akiona inafaa, ampe Ramadhan. Akiona haifai, aiweke, ni haki yake. Ila namwomba mtoto asilipe deni la tabia yangu. Amshike mkono, amkunjue vidole kama alivyonikunjua mimi, atakuta mkono safi.

Kwa Bi Tatu usiende wewe. Huu si mzigo wa kukutwika. Alhamisi nikitoka kumsindikiza kijana steshini nitapanda gari la huko, na Ijumaa baada ya swala utaniona kwenye baraza yake, nimekaa chini. Akitaka kunifukuza anifukuze, nitarudi kesho yake. Nimechelewa kwa Mbaruku siku moja, sitaki kuchelewa kwa mama yake.

Sasa nenda ukamsomee mumeo. Kama huwezi kumsomea yote, usiyasome yote. Aliuliza swali miaka ishirini na mbili iliyopita, wala hajapata kulirudia, na hakuna aliyemjibu. Kaa karibu naye umwambie hili tu: Zahoro anasema shibiri ilikuwa yake.

Nisalimie waulizao wote, wakubwa shikamoo zao na wadogo marahaba zao. Saadiya anakubusu mikono, na leo chai yangu imetiwa sukari. Nakuombea afya, na mumeo nuru ya macho, au nuru nyingine iliyo bora. Nami niombee ulimi usinifunge Ijumaa.

Ni mimi nduguyo uliyenilea,
Zahoro bin Ubeid, seremala